Haki ya Waokozi Juu Yetu

(Matini ya mawaidha yaliyotolewa msikitini baada ya Swala ya Isha)

Kila sifa njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu zetu katika Imani, usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, meli ya MV Spice Islander I, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilizama katika bahari ya Nungwi. Zaidi ya watu mia sita waliokolewa, na maiti zikalazwa katika viwanja vya Maisara ili jamaa wazitambue. Waliokufa tunawaombea maghfira, na Muislamu aliyekufa maji Mtume (S.A.W.) amemhesabu miongoni mwa mashahidi. Waliookoka tumewapa pole. Lakini liko kundi la tatu ambalo ni nadra kutajwa katika mimbari zetu: wavuvi waliotoka na mashua zao gizani, wazamiaji wa KMKM, watu wa Msalaba Mwekundu, na wale waliopokea maiti wakaziosha na kuzikafini, za wakubwa na za watoto wachanga. Kabla mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe, na bahari ile ile ikahitaji waokozi kwa mara nyingine.

Mtu wa namna hii hurudi nyumbani akapongezwa siku mbili tatu. Kisha usingizi hukatika. Harufu humrudia akiwa mezani. Mtoto akipiga kelele uani, yeye hushituka na kutetemeka. Huwa mkali kwa mkewe bila ya sababu, na pengine bahari iliyomlisha tangu ujana huanza kuiogopa. Hapo ndipo sisi, jamaa na majirani zake, tunapomkosea. Wako wanaomwambia kuwa amepagawa, wakamtafutia hirizi na kafara ya pwani. Hao tumekwisha kuwajibu mara nyingi katika kurasa hizi. Wanaotushughulisha zaidi leo ni wenzetu, watu wa Sunna, wanaomwambia kuwa imani yake ni dhaifu na kwamba angelikuwa mtu wa Qur-ani yasingelimpata hayo.

Hebu na tuirejee Sira. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (S.A.W.) alisimama mbele ya mwili wa ami yake Hamza (R.A.) uliokuwa umekatwakatwa. Ilipita miaka mitano hivi, Makka ikafunguliwa, naye Wahshi aliyemuua Hamza akaja akasilimu. Mtume (S.A.W.) aliukubali Uislamu wake na hakumlipiza. Pamoja na hayo alimtaka, kama anaweza, auweke uso wake mbali naye. Kisa hiki amekipokea Imam Bukhari. Na Nabii Yaaqub (A.S.), aliyeahidi subira njema, macho yake yaliingia weupe kwa huzuni. Nani atathubutu kusema kuwa imani za hawa zilikuwa na upungufu? Subira ni kuuzuia ulimi usimlalamikie Mola na mikono isipasue nguo. Haijapata kuwa ni kutoumia.

Wako pia wanaoona kwamba kumpeleka mtu kwa daktari wa maradhi ya nafsi ni mambo ya kizungu, na jina la Kidongo Chekundu likitajwa huona aibu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), aliandika kitabu Masalih al-Abdan wal-Anfus, akaweka sehemu ya maslahi ya mwili na sehemu ya maslahi ya nafsi, na katika hii ya pili akazieleza tiba za hasira, khofu, huzuni na wasiwasi. Elimu hii ilikuwa katika maktaba zetu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Nyiradi za asubuhi na jioni zina nafasi yake, na daktari ana yake.

Liko jambo jingine zito kuliko ndoto mbaya, nalo ni lawama ya nafsi. Mvuvi amejaza mashua hadi maji yanakaribia ukingo, na nyuma yake imebaki mikono inayomwita. Mzamiaji naye hujiuliza kama angefika mapema. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara katika Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018, fundi wa mitambo alikutwa hai ndani yake baada ya siku mbili. Habari ya faraja kubwa, lakini kwa aliyeopoa maiti peke yake huwa ni swali lisilomwacha alale. Maswali haya yana jawabu katika fiqhi, na ni wajibu wa imamu kulitoa wazi, si kusema “usijali” kisha akaenda zake. Sharia haimkalifishi mtu asiloliweza. Ambaye mashua yake ingezama kwa kumpandisha mmoja zaidi, haikumjuzia kumpandisha, kwa sababu madhara hayaondoshwi kwa madhara yaliyo mfano wake. Hana dhambi, hana diya, hana kafara. Aambiwe hivyo kwa maneno haya haya, na arudiwe kuambiwa.

Muosha maiti ana mtihani wake. Ameamrishwa kuzisitiri aibu za maiti, kwa hiyo hunyamaza na yote. Na aelezwe kwamba kinachositiriwa ni aibu ya marehemu. Uchungu wa moyo wake mwenyewe anaweza kumweleza mkewe, rafiki mwaminifu au tabibu, bila ya kutaja jina wala alama ya mtu.

Kuosha maiti ni fardhi kifaya, yaani ni deni la mji mzima. Lakini katika misikiti yetu mingi wanaoitwa ni wale wale watatu, ajali kwa ajali, mpaka nguvu zao zikaisha. Kwa hiyo kila msikiti uandike waosha wapya, vijana na watu wazima, na wanawake wawe na orodha yao kwa ustadhati wao, ili aliyetoka katika msiba mkubwa apumzishwe asiitwe katika unaofuata. Na nyumbani kwake upelekwe uji wa talbina, wa shayiri, ambao Bibi Aisha (R.A.) akiwapikia wafiwa kwa kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema kwamba huutuliza moyo na kuondosha baadhi ya huzuni. Majina yapokelewe na katibu wa msikiti kuanzia usiku huu.