Mitambo ya Atomiki Iliyozeeka

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na polisi mlioko kazini Arua, Koboko na kwenye vituo vya mpakani, leo tunazungumzia mitambo ambayo haipo West Nile, lakini habari zake zinawahusu.

Mtambo wa nguvu za atomiki hukaguliwaje unapozeeka? Pampu na nyaya hubadilishwa. Lisilobadilishwa ni tangi la chuma ambamo fueli ya urani hukaa. Chuma hicho hupigwa mfululizo na chembe za nyutroni, na mwaka baada ya mwaka hugeuka kikavu, hata kikawa hatarini kupasuka kikipozwa ghafla. Kwa hiyo, tangu mwanzo, wahandisi huweka ndani ya tangi vipande vya chuma cha aina ile ile. Baada ya miaka kadhaa hutoa kimoja na kukivunja kwa nyundo maalumu, na hapo huijua hali ya tangi lenyewe. Ninyi mnaelewa: silaha haiaminiwi kwa maandishi ya daftarini, hufunguliwa ikatazamwa. Ila mtutu uliochakaa una mwenzake ghalani.

Mtambo wa kwanza wa Koeberg, Afrika Kusini, ulioanza kazi 1984, uliruhusiwa Julai 2024 kuendelea miaka 20 zaidi. Lakini kupima chuma hakutoshi. Huko Fukushima, Japani, mtambo wa kwanza ulikuwa na miaka 40 mawimbi ya bahari yalipoufikia tarehe 11 Machi 2011. Tangi halikuwa chanzo cha maafa. Jenereta za dharura zilikuwa zimewekwa chini, zikafurika maji. Mkaguzi asiyetoka nje ya uzio akatazama bahari, huyo hajakagua.

Sasa tuje kwa jirani zetu. Kinshasa ndiko ulikowashwa mtambo wa kwanza wa atomiki katika Afrika, mwaka 1959. Ni mtambo mdogo wa utafiti, si wa umeme. Wa pili uliwashwa 1972, ukasimama 2004. Kilima cha chuo kikuu ulipojengwa humomonyolewa na mvua. Zaidi ya hayo, vijiti viwili vya fueli viliibiwa huko. Kimoja kilikamatwa Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu. Cha pili hakijapata kuonekana.

Kijiti hicho cha kwanza kilivuka mipaka mingapi, mbele ya askari wangapi? Koboko ndipo Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinapokutana, na mizigo hupita Oraba na Vurra kila siku. Askari akiona chombo kidogo cha chuma chenye uzito usiolingana na ukubwa wake, au chenye alama ya mabawa matatu meusi juu ya rangi ya manjano, asikifungue wala kukibeba. Awasogeze raia mbali, aweke mlinzi, kisha apeleke taarifa kwa wakuu wake, ili iwafikie wataalamu wa Baraza la Nguvu za Atomiki, lililoundwa kwa sheria ya 2008.