Meno Bandia: ya Kuvua au ya Vipandikizi?

Ndugu wananchi wa Kata ya Nkunga, wapo wazee wetu wanaoona haya kula mbele ya wajukuu. Wakitaka meno bandia, wachague ya kuvua, au yanayoshikiliwa na vipandikizi vya titani vilivyotiwa katika mfupa wa taya? Kabla ya kuuza ng'ombe, tazameni taya lenyewe. La juu aghalabu hushika meno ya kuvua vizuri, kwa kuwa hujibana kwenye kaakaa. Taabu ni la chini: ulimi huyasukuma, na mfupa uliopoteza meno huendelea kusinyaa. Hapo vipandikizi viwili mara nyingi hutosha kuyatuliza, ila mfupa kwa kawaida huhitaji miezi 3 hadi 6 kushikamana navyo. Mvutaji wa tumbaku na mwenye kisukari kisichodhibitiwa wamweleze daktari mapema, maana vyaweza kulegea. Ya kuvua yavueni usiku, myasafishe, myalaze katika maji yasiyo ya moto.