Kazi ya Bwana Habari katika Ushirika



Zamani, misafara ilipopita Unyamwezi, kirangozi alitangulia, naye alijua njia. Ushirika nao wahitaji mjuzi wa kupasha habari. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa redio na vitabu; lakini katika kila kikundi palikuwa na kiongozi wa kuongoza mazungumzo.

Basi madaraja ya tumbaku, bei na makato yasifungiwe ofisini. Yasomwe mkutanoni, mkulima aulize, ajibiwe. Asiyeyajua makato yake hudhani ameibiwa, akamwuzia mlanguzi. Hapo ushirika hufa. Bwana habari asitusifu viongozi tu; malalamiko yenu pia ayalete mezani kwetu.