Meno ya Tundu la Plagi Yakiliwa

Injini inapiga mlio mkali wa chap-chap, gari linakosa nguvu, na boneti ikifunguliwa plagi moja inacheza kwenye tundu lake. Wamiliki wengi wa Ford zenye injini ya Triton V8, zilizotengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1990, walikutana na balaa hilo: matundu yalikuwa na meno machache mno, na plagi zikafyatuka gari likiwa barabarani.

Kwingineko, chanzo ni haraka ya gereji. Silinda hedi nyingi ni za aluminiamu, metali laini. Plagi ikifunguliwa injini ikiwa bado ya moto, au ikisukumwa kwa spana huku imekaa mshazari, tundu ndilo linaloumia.

Tiba ipo, tena bila kununua hedi mpya. Fundi makini hupaka tapu, kifaa cha kuchonga meno mapya, grisi nzito ili chembe za aluminiamu zinase humo zisidondoke ndani ya silinda. Huizungusha kidogo, huitoa, huifuta, hupaka tena. Kazi hii haitaki pupa! Kisha hufunga bushi ya chuma yenye meno nje na ndani. Bushi hiyo ni imara kuliko koili ya waya, ambayo huweza kutoka pamoja na plagi. Gundi badala ya bushi haifai kabisa.

Plagi mpya huanzwa kwa vidole, au kwa kipande cha mpira wa petroli kilichovishwa kichwani mwake. Meno yakipishana, mpira huteleza. Spana hufuata mwishoni, takriban nusu mzunguko kwa plagi mpya yenye washa.