Misingi ya Uongozi wa Biashara: Kamba ya Kusimamisha Kiwanda

Makala haya yanalitupia jicho swali moja ambalo kila mwenye duka, karakana, hoteli au kiwanda hulikabili mapema au baadaye: kasoro inapojitokeza kazini, ni nani mwenye haki ya kusema kazi isimame?

Elimu ya uongozi wa biashara kama inavyofundishwa vyuoni ina umri wa zaidi ya karne moja. Mwaka 1911, mhandisi wa Kimarekani Frederick Taylor alichapisha kitabu kilichoshauri kwamba kazi ya kufikiri itenganishwe na kazi ya mikono. Wataalamu wapime na kupanga, kibarua naye atekeleze. Miaka mitano baadaye, Mfaransa Henri Fayol, aliyekuwa ameongoza kampuni ya madini kwa miaka mingi, alieleza kuwa uongozi una majukumu matano: kutabiri na kupanga, kuunda taratibu, kuamuru, kuoanisha na kudhibiti. Mafundisho hayo yaliviwezesha viwanda vya karne ya 20 kuzalisha bidhaa kwa wingi usiowahi kuonekana.

Hata hivyo, mafundisho ya Taylor yalikuwa na pengo. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkubwa aliyeketi ofisini hupanga kazi asiyoifanya, na anayeifanya haulizwi anachokiona. Pengo hilo lilidhihirika waziwazi katika mji wa Fremont, jimbo la California nchini Marekani.

Kampuni ya General Motors ilikuwa na kiwanda cha magari mjini humo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970, kiwanda hicho kilikuwa na sifa mbaya. Utoro kazini ulifikia takriban asilimia 20, na ugomvi kati ya wasimamizi na chama cha wafanyakazi haukukoma. Sheria kuu ilikuwa moja: mstari wa kuunganishia magari usisimame. Gari lililofungwa vibaya liliachwa lisonge mbele na kasoro yake, litengenezwe baadaye nje ya mstari. Mfanyakazi aliyeiona kasoro alijifunza kunyamaza. Mwaka 1982 kiwanda kilifungwa.

Mwaka 1984 milango yake ilifunguliwa tena kwa jina jipya la NUMMI, ubia wa General Motors na Toyota ya Japani. Toyota ndiyo iliyokabidhiwa uendeshaji. Jambo la kushangaza ni kwamba takriban asilimia 85 ya wafanyakazi wa mwanzo walikuwa ni walewale wa zamani, chini ya chama kilekile. Mamia kati yao walipelekwa Japani kujifunza katika kiwanda cha Takaoka, na huko waliona kitu ambacho Fremont hakikuwahi kuwapo: kamba iliyotandazwa juu ya mstari wa kazi, ambayo mfanyakazi yeyote, hata wa daraja la chini kabisa, aliruhusiwa kuivuta.

Kamba hiyo hufanya kazi kwa utaratibu ufuatao. Mfanyakazi akiona bolti haikukaza au mlango haukai sawasawa, huvuta kamba. Taa huwaka kwenye ubao uitwao andon, jina la taa za kale za karatasi za Kijapani, na kiongozi wa kikundi huja mara moja. Wakiitatua kasoro kabla gari halijafika mwisho wa kituo hicho cha kazi, mstari huendelea. Wasipofaulu, mstari husimama. Kasoro hairuhusiwi kuhamia kwa mwingine.

Asili ya fikra hiyo si magari bali nguo. Sakichi Toyoda, fundi aliyefariki mwaka 1930, alibuni mashine za kufumia zilizosimama zenyewe uzi ulipokatika, ili nguo mbovu isiendelee kufumwa. Mwanawe Kiichiro alianzisha kampuni ya magari mwaka 1937, na baadaye mhandisi Taiichi Ohno akaieneza fikra hiyo katika viwanda vya Toyota. Kile ambacho mashine ilifanya kwa uzi, binadamu naye alipewa haki ya kukifanya kwa gari.

Matokeo ya NUMMI yaliwastaajabisha wengi. Katika muda wa takriban miaka miwili, ubora wa magari yake ulikaribiana na ule wa Takaoka, na utoro ukashuka hadi karibu asilimia 3. Watu hawakubadilika, kilichobadilika ni namna walivyoongozwa.

Msikilizaji anaweza kuuliza: kama siri ni kamba, mbona kila kampuni isinunue kamba? Jawabu ni kuwa kamba ni sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ni kile kinachomfika aliyeivuta. Kiongozi akija na makaripio, kamba haitavutwa mara ya pili. Akija kwa kuuliza, "Umeona nini, na nikusaidie vipi?" basi kiwanda kizima hupata maelfu ya macho.

Uamuzi nao una adabu yake. Ohno aliwafundisha wasaidizi wake kuuliza "kwa nini" mara tano kabla ya kuchukua hatua. Tuseme mteja wa mkahawa ameletewa chakula kilichopoa. Kwa nini? Mhudumu amechelewa. Kwa nini amechelewa? Sahani zimerundikana jikoni. Kwa nini zimerundikana? Siku ya Ijumaa, wateja wanapofurika, mhudumu ni mmoja tu. Kwa nini ni mmoja? Ratiba ya zamu ni ileile kwa siku zote. Kwa nini? Anayeipanga hajawahi kuwauliza wahudumu. Meneja aliyeishia kwenye swali la kwanza angemkata mhudumu mshahara, na Ijumaa inayofuata chakula kingepoa tena.

Nguzo nyingine ni usalama wa ajira. Toyota iliujua umuhimu wake kwa machungu. Mwaka 1950, ikiwa karibu kufilisika, ilipoteza takriban robo ya wafanyakazi wake baada ya mgomo mkali, na Kiichiro Toyoda akajiuzulu. Mkataba wa NUMMI na chama cha wafanyakazi uliahidi kwamba kupunguza watu kungekuwa hatua ya mwisho kabisa, baada ya njia nyingine kushindikana. Mwaka 1988 mauzo yalipoporomoka, na kiwanda kikawa kinatumia chini ya asilimia 60 ya uwezo wake, hakuna aliyeachishwa kazi. Waliokosa shughuli walipewa mafunzo na kazi ya kutafuta njia bora za uzalishaji. Ahadi iliyotimizwa wakati wa dhiki ndiyo iliyowafanya wafanyakazi waiamini kamba.

Suala hili linawagusa pia Waswahili wengi walioko ughaibuni. Mara nyingi wa kwanza kuona hatari katika hoteli, hospitali au ghala ni mfanyakazi wa chini, na pengine ni mgeni ambaye kibali chake cha kuishi kimefungamana na mwajiri wake. Mtu huyo akiogopa kusema, mwajiri ndiye anayebaki gizani. Kumhakikishia kuwa hataadhibiwa kwa kusema kweli ni huruma, lakini pia ni akili ya biashara.

Kuiga umbo bila roho hakufai. General Motors ilijaribu kuupeleka mfumo huo katika kiwanda chake cha Van Nuys, pia California, lakini uaminifu kati ya wasimamizi na wafanyakazi haukupatikana, na kiwanda kikafungwa mwaka 1992. General Motors yenyewe iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika mwezi Juni mwaka 2009 na kujitoa katika ubia. NUMMI ilifunga milango Aprili mwaka 2010, na majengo yake yakanunuliwa na kampuni ya Tesla.

Wala mwalimu mwenyewe hakusalimika. Kati ya mwaka 2009 na 2010, Toyota ililazimika kuyarejesha mamilioni ya magari yake kwa matengenezo kwa sababu ya hatari ya gari kuongeza kasi bila dereva kukusudia. Februari 2010, rais wake Akio Toyoda aliliambia Bunge la Marekani kuwa huenda kampuni ilikuwa imekua haraka kupita uwezo wa kuwaandaa watu wake. Mwaka 2014 ilikubali kulipa dola bilioni 1.2 za Kimarekani baada ya kukiri kuwapotosha wateja kuhusu usalama wa magari hayo. Kampuni iliyomruhusu kibarua kusimamisha kiwanda kwa bolti moja ilichelewa kuvuta kamba palipohusika jina lake yenyewe.

Funzo lake ni zito. Haki ya kusema "simama" ikiishia kwa wafanyakazi wa chini na isipande hadi kwa wakuu, mfumo wote huwa nusu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini ufa hauzibwi na aliyekatazwa kuutaja.