Binti Aendaye Ng'ambo Kusomea Uuguzi



Mzazi wa Kibokoni au Ndia Kuu akipata habari kwamba binti yake ameitwa Uingereza kusomea uuguzi, hufurahi na kuingiwa na hofu kwa pamoja. Furaha ni haki yake, na hofu nayo si bure. Yafaa kila jamaa ijue yaliyowapata waliotangulia.

Katika miaka ya 1950 na 1960 safari ilianzia Kilindini, kwa meli kama Kenya na Uganda za kampuni ya British India, kupitia Suez mpaka London. Hospitali za serikali ya Uingereza, zilizounganishwa chini ya huduma moja mwaka 1948, zilipungukiwa sana na wauguzi, zikawaita vijana kutoka makoloni. Mwanafunzi hakuketi darasani tu. Alikuwa mtumishi wa wodi: alitandika vitanda, akaosha wagonjwa, akamwaga vyombo vya choo, akakesha zamu ya usiku katika baridi asiyoizoea. Wako wagonjwa waliokataa kuguswa na mkono mweusi. Na wako waliouomba mkono huo huo usiwaache saa ya maumivu.

Lakini lililoumiza zaidi lilikuwa jambo la cheti. Palikuwa na njia mbili. Ya kwanza, ya miaka 3, ilimfanya mtu mwuguzi kamili, awezaye kupanda hata kuwa sista wa wodi na metroni. Ya pili, ya miaka 2, ilitoa daraja ya chini, na katika nchi nyingi cheti chake hakikukubaliwa. Wageni wengi walitiwa katika njia hiyo ya pili pasipo kuelezwa tofauti.

Njia hiyo imekwisha kufutwa, lakini funzo lake limebaki. Siku hizi mwanafunzi wa uuguzi huko hutakiwa kutimiza saa 2,300 za mazoezi ya kazi. Hata hivyo, arudipo Mombasa hawezi kuwahudumia wagonjwa mpaka aandikishwe na Baraza la Wauguzi la Kenya. Basi, kabla ya kutoa nauli, mzazi aulize mambo matatu: cheti ni cha daraja gani? Baraza lakitambua? Na binti atakaa kwa nani? Kuuliza si ujinga.

Watu wa pwani husema: Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Binti na aende, ajifunze; na siku ya kurejea, aukute mlango wa wodi u wazi.