Kifundo Kilichounganishwa na Kiatu Kinachokifaa
Matini ya mazungumzo kwa kaya za Waswahili waishio Uingereza



Mazungumzo haya yanahusu mguu ambao kifundo chake kimeunganishwa kwa upasuaji, na zaidi yanahusu kitu ambacho wengi hukidharau, nacho ni kiatu. Aghalabu mgonjwa huzungumza na daktari bingwa wa mifupa kwa miezi mingi kuhusu kisu, skrubu na plasta, kisha habari ya kiatu hutajwa mwishoni, mgonjwa akiwa amekwisha kuinuka kitini. Ilhali mfupa ukishashika, ni kiatu kitakachoamua kwa sehemu kubwa mtu huyo atatembea vipi kwa miaka iliyobaki.

Kifundo cha mguu ni mahali ambapo muundi, pamoja na mfupa mwembamba ulio kando yake, hukutana na mfupa wa juu wa wayo. Baina yao kuna gegedu, tabaka laini linaloifanya mifupa iteleze bila kukwaruzana. Gegedu hulika kwa baridi yabisi, na mara nyingi hulika miaka mingi baada ya mguu kuvunjika: ajali ya pikipiki ya ujanani, au kuanguka ngazini, jambo ambalo mtu alidhani limekwisha kusahauliwa. Likiisha tabaka hilo, mfupa husagana na mfupa, na kila hatua huwa maumivu. Dawa, vishikizo na sindano zikishindwa kuleta nafuu, daktari huweza kupendekeza kuondoa mabaki ya gegedu na kuibana mifupa kwa skrubu au bamba la chuma mpaka iote pamoja na kuwa mfupa mmoja. Tangu hapo kifundo hakipandi wala hakishuki tena. Na maumivu yaliyokuwa yakitoka humo, mfupa ukishika vyema, huondoka au hupungua sana. Wako pia wanaofaa kuwekewa kifundo bandia, lakini hilo ni la kuamuliwa baina ya mgonjwa na daktari wake.

Kupona kunahitaji subira. Kwa kawaida mguu hukaa ndani ya plasta au buti maalumu kwa muda unaokaribia wiki 12, na katika wiki za mwanzo, mara nyingi 6, mgonjwa huwa haruhusiwi kuukanyagia kabisa. Hutembea kwa magongo. Uvimbe hudumu miezi kadhaa, na mwaka mzima unaweza kupita kabla mguu haujatulia. Jambo moja halina mzaha: nikotini huuzuia mfupa kushika. Mvutaji aliyeunganishwa kifundo yumo katika hatari kubwa zaidi ya mifupa kukataa kuungana na kulazimika kurudi katika chumba cha upasuaji. Wapo wanaoapa kwamba wameacha kuvuta, kumbe wameacha sigara tu. Shisha ya jioni nayo ni tumbaku.

Sasa tuje kwenye mwendo wenyewe. Mtu mwenye kifundo kizima akipiga hatua, kisigino hutua kwanza. Kisha muundi huinama mbele juu ya wayo. Kisha kisigino huinuka na vidole husukuma ardhi. Katika mguu uliounganishwa, ile hatua ya kati imefungwa. Mwili haukubali kukwama, basi hutafuta uchochoro. Viungo vidogo vya katikati ya wayo, na kile kilicho chini ya kifundo, hukunjwa kuliko vilivyozoea. Goti husukumwa nyuma. Au mtu hugeuza ncha ya mguu nje na kuzunguka pembeni yake. Hayo yote huwezekana, na ndiyo maana watu wengi waliounganishwa kifundo hutembea vizuri kiasi kwamba jirani hatambui. Lakini viungo hivyo vinavyobeba kazi isiyo yao vinaweza kuanza kuuma na kupata baridi yabisi miaka kadhaa baadaye. Kiatu kinachofaa hubeba sehemu ya kazi hiyo, na kwa hiyo kiatu hicho ni sehemu ya tiba.

Sifa ya kwanza ya kiatu hicho ni soli yake. Iwe ngumu isiyokunjika katikati, na ncha yake ya mbele iwe imeinuka kwa mpindo, kama omo ya mashua inavyopanda juu ya maji. Mguu ukitua, soli hubingirika na kumpeleka mtu mbele, badala ya kifundo kuinama. Dukani, jambo hili hupimwa kwa mikono kabla ya kulipa. Kiatu huwekwa juu ya meza na kubonyezwa ncha: kikiinua kisigino na kurudi chenyewe, soli ina mpindo. Kisha hushikwa kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, na kukunjwa: kikijikunja katikati kama kitabu, hakifai, hata kama bei yake ni kubwa na muuzaji anakisifu. Viatu vya kukimbilia vyenye soli nene iliyopinda vinapatikana katika maduka ya kawaida, na viatu vya kutembelea milimani huwafaa wengi wakati wa baridi. Kiatu ambacho mtu anakipenda lakini soli yake ni bapa, fundi viatu mwenye ujuzi anaweza kukiongezea mpindo. Ila kipimo chake inafaa kitoke kwa mtaalamu.

Kisigino cha kiatu kiwe na mto wa kupunguza kishindo, na kiinuke kidogo, mara nyingi kama sentimita 2. Kiasi hasa hutegemea pembe ambayo daktari alikiunganishia kifundo, kwa hiyo ni vema kuuliza. Hapa ndipo penye mzozo wa viatu vya mchuchumio, hasa msimu wa harusi ukikaribia. Sababu ya kuvikataza si ukali wa madaktari. Mtu mwenye kifundo kizima akivaa kisigino kirefu, wayo wake hukunjuka kushuka chini, naye husimama wima. Kilichounganishwa hakikunjuki; basi mwili mzima husukumwa mbele, na goti hulazimika kukunjwa ili mtu asianguke. Goti na mgongo ndivyo vinavyolipa deni la usiku ule. Kiatu chenye kisigino kifupi na kipana, kilichorembwa kwa rangi ya nguo, humtosha bi harusi na mama yake pia.

Yapo na mengine ya kutazama. Sehemu ya nyuma ya kiatu inayozunguka kisigino iwe imara. Mdomo wake ufunguke sana, kwa kamba au kwa mikanda ya kunata, kwa sababu mguu usiokunjika hauwezi kupenyezwa katika kiatu chembamba. Pembe ndefu ya kuvalia viatu husaidia mno. Ndani kuwe na kina cha kutosha kutia soli ya ndani ya mtaalamu. Viatu vijaribiwe jioni, mguu ukiwa umevimba kama unavyovimba kila siku, na mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Hapa Uingereza namba za viatu si zile zilizozoeleka Dar es Salaam au Mombasa: 42 ya huko hukaribia 8 ya hapa, na viatu vingine huandikwa pia herufi za upana. Mguu uliopasuliwa mara nyingi hufupika kidogo na kuwa mnene kuliko mwenziwe. Hivyo mguu mkubwa ndio wa kupimia, na mdogo huongezewa soli ya ndani.

Mwenye kisukari ana jambo la ziada. Ganzi ya nyayo humfanya asihisi kiatu kinapomkata. Kila anapovaa, apapase ndani kwa mkono, na kila usiku atazame nyayo zake, au amwombe mtu wa nyumbani amtazamie. Kidonda chochote kionyeshwe kliniki upesi bila kusubiri kiwe kikubwa.

Tatizo gumu zaidi katika nyumba za Waswahili haliko barabarani, liko mlangoni. Mgeni na mwenyeji huvua viatu wakiingia, na kisha ndani hutembea peku au kwa ndala. Kwa mguu uliounganishwa, saa nyingi za peku juu ya sakafu ngumu ni sawa na kutembea bila tiba, na ndala huhitaji kushikwa kwa vidole kila hatua, hivyo huuchosha wayo ambao tayari umechoka. Makubadhi yasiyo na mkanda wa nyuma yana kasoro hiyo hiyo. Wazee wengi huvumilia maumivu kuliko kuonekana wakikanyaga busati na viatu. Adabu hiyo ni njema na haina haja ya kuvunjwa. Dawa yake ni jozi ya pili, yenye soli ileile iliyopinda, ambayo haijapata kukanyaga nje wala haitakanyaga kamwe. Ikae ndani ya mlango, kando ya kiti cha kubadilishia, na watoto waambiwe kwamba viatu hivyo ni dawa ya bibi au babu, wasivichezee. Nyumba ambazo jambo hili limeelezwa mara moja kwa wote hazina ugomvi tena.

Katika ibada pia kuna nafasi. Kusujudu huenda kukawezekana, kwa kuwa wayo husimama wima na vidole vikakunjwa. Kinachoshindikana ni kukalia wayo uliolazwa, na kuinuka tena kutoka chini. Sharia imemruhusu asiyeweza kusali kama anavyoweza, akikalia kiti au akiunyoosha mguu pembeni, na imamu wa msikiti atampa maelekezo yanayomfaa. Wudhuu ndio wenye hatari zaidi: kuinua mguu mmoja juu ya sinki huku mwingine ukiwa hauna kifundo cha kusawazisha ni njia fupi ya kuanguka. Afadhali kukaa juu ya kigoda na kutumia kopo au bomba la mkono. Aidha, mafakihi wanaijua vyema ruhusa ya kupaka maji juu ya khofu zilizovaliwa baada ya wudhuu kamili, mchana na usiku mmoja kwa mkaazi na siku tatu kwa msafiri. Mwenye mguu huu ana sababu njema ya kuiulizia masharti yake.

Akisafiri kwenda nyumbani, ajue mapema kwamba choo cha kuchuchumaa kitamshinda, kwa sababu kuchuchumaa ni kuukunja muundi mbele ya wayo, jambo ambalo haliwezekani tena. Jamaa wakiarifiwa kabla, kiti cha chooni hupatikana. Mchanga wa pwani na vichochoro vya mawe vya Mji Mkongwe au Lamu vinataka kiatu cha kufunga na fimbo mkononi. Juu ya mwinuko mkali, ni rahisi kupanda kwa kwenda upande upande kuliko kuukabili moja kwa moja. Ngazini, mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu uliounganishwa hutangulia kushuka.

Kwa wenye kuendesha gari: asishike usukani mpaka daktari amruhusu, na kampuni ya bima ijulishwe. Mguu ukiendelea kumzuia au kuathiri uendeshaji kwa miezi 3 au zaidi, DVLA nayo lazima iarifiwe. Ukiwa ni mguu wa kushoto, gari la gia za kujiendesha huondoa tatizo la klachi.

Dalili fulani hazisubiri miadi. Jeraha linalotoa usaha, homa, au wekundu unaoenea, apigiwe simu daktari siku hiyo hiyo, au namba 111. Ndama wa mguu ukivimba na kuuma, huenda ni damu iliyoganda, nao unahitaji kutazamwa mara moja. Na kifua kikibana au pumzi ikipaa ghafla, ni 999. Maumivu mapya yanayoibuka miezi au miaka baadaye, kifundo kikiwa kimekwisha kutulia, nayo yapelekwe kliniki, kwa sababu huenda kiungo jirani kimeanza kulalamika, au mfupa haukushika wote.

Kuhusu msaada wa viatu, mlango wa kwanza ni daktari wa familia au kliniki ya mifupa iliyofanya upasuaji. Mgonjwa aombe kupelekwa ofisi ya othotiki, yaani wataalamu wanaopima na kutoa soli za ndani, vishikizo na viatu maalumu. Aombe kwa kauli iliyo wazi, kwani asiyeomba huenda asipewe. NHS hutoa mkalimani bila malipo, ana kwa ana au kwa simu. Aombwe wakati wa kupanga miadi, na atajwe kuwa ni wa Kiswahili. Mtoto wa shule asifanywe mkalimani wa mzazi wake katika mambo ya upasuaji. Na siku ya miadi mgonjwa aje na viatu vyake vya zamani, vile vilivyochakaa hasa, bila kuviosha wala kuvionea haya: mtaalamu akitazama soli ilivyolika, upande gani na kwa kiasi gani, ataona mzigo wa mwili unaangukia wapi.